Tarehe Nayo Hudanganya: Kweli na Uongo kuhusu Vitabu Adimu vya Kiitaliano

Ukikaa na wapenzi wa vitabu vya kale, hutakunywa hata kikombe kimoja cha kahawa kabla hujasikia kisa. Kuna aliyemwokota Dante chini ya rundo la magazeti kwenye soko la Jumapili. Kuna shangazi wa fulani aliyewashia jiko kurasa za Boccaccio, asijue kwamba anachoma thamani ya nyumba. Umevisikia visa hivi, na huenda wewe mwenyewe umewahi kuvisimulia na kuongeza chumvi kidogo.

Fasihi ya Kiitaliano huvuta masimulizi ya namna hii kuliko nyingi, na sababu inaeleweka. Mwishoni mwa karne ya 15 hakukuwa na mji Ulaya uliochapa vitabu vingi kuliko Venice. Penye vitabu vingi, biashara hunoga, na biashara ikinoga, wajuaji hawakosekani. Tuwapime basi hao wajuaji. Hukumu kwanza, ushahidi baadaye.

“Kitabu kikishakuwa cha kale, ni mali.”

UONGO. Na huu ndio mama wa uongo wote unaofuata.

Umri peke yake hauuzi kitabu. Katika karne ya 16 mashairi ya Petrarca yalichapwa Italia zaidi ya mara mia moja, mengi yakiwa katika vijitabu vya kutia mfukoni. Kwa hiyo Petrarca wa Venice wa miaka ya 1550, mwenye jalada lililolegea na kurasa mbili zisizojulikana zilikokwenda, si wa kumfanya mtu auze shamba. Vitabu vya mahubiri, sheria na maisha ya watakatifu vya karne ya 17 na 18 ndiyo kabisa: vimejaa madukani Roma na Bologna, vimefunikwa ngozi nzuri, na wateja wanavipita.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1916, huko Udine, afisa mmoja kijana aitwaye Ettore Serra alichapisha mashairi ya askari aliyekuwa vitani, Giuseppe Ungaretti, mzaliwa wa Aleksandria, Misri. Kijitabu hicho, Il porto sepolto, kilitoka kwa nakala 80 tu. Kina umri wa karne moja na ushei, mtoto mchanga mbele ya yule Petrarca, lakini ukikipata usikiweke karibu na chai. Thamani hupanda pale watu wengi wanapokitaka kitabu ambacho nakala zake zilizosalia kwa hali nzuri ni chache. Miaka ni jambo la ziada.

“Kitabu alichokichapisha mwandishi kwa pesa zake ni takataka.”

UONGO, na Italia ndiyo shahidi namba moja. Italo Svevo alijilipia mwaka 1923 ili La coscienza di Zeno itoke Bologna kwa Cappelli. Alberto Moravia alitoa pesa mwaka 1929 ili Gli indifferenti ichapwe. Zote mbili leo zinafundishwa vyuoni, na matoleo hayo ya kwanza yanagombewa.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Dino Campana. Aliwapa waandishi wawili wenye jina mjini Florence, Papini na Soffici, muswada wake wa pekee. Ukapotea. Akaandika upya, mwaka 1914 akachapisha Canti Orfici katika kiwanda kidogo cha kijijini kwao Marradi, kisha akazunguka mikahawani akiuza nakala mwenyewe. Inasimuliwa kwamba mnunuzi asipompendeza sura, Campana alichana baadhi ya kurasa kabla ya kumkabidhi kitabu. Muswada uliopotea ulipatikana mwaka 1971 katika makaratasi ya Soffici, Campana akiwa amefariki miaka mingi nyuma. Ukikutana na Canti Orfici ya 1914 iliyopungua kurasa, usikimbilie kumlaumu panya.

“Tarehe iliyoko kwenye ukurasa wa jina ndiyo tarehe ya kitabu.”

UONGO. Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Anza na Machiavelli. Il Principe ilichapwa mara ya kwanza Roma mwaka 1532 na Antonio Blado, miaka mitano baada ya mwandishi kufa. Mwaka 1559 Kanisa likaweka kazi zake zote kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Je, wasomaji waliacha kumtaka? Walimtaka zaidi. Ndipo yakatokea matoleo ya kazi zake zote yenye picha ndogo ya kichwa chake mbele, ambayo wakusanyaji huyaita Testina. Yapo matano yanayotofautiana, na yote yanajitangaza kuwa ya mwaka 1550. Si kweli hata moja. Yalichapwa katika karne ya 17, na wataalamu huelekeza kidole Geneva. Mwaka 1550 ulichaguliwa kwa akili: unatangulia marufuku kwa miaka tisa, kwa hiyo mwenye kitabu anaweza kujitetea kwamba alikipata kabla ya katazo. Hadi leo kuna watu wanaonunua Testina wakiamini wamenunua kitabu cha karne ya 16.

Uongo wa mahali nao upo. Mchapaji wa London, John Wolfe, mwaka 1584 alichapa Machiavelli kwa Kiitaliano akaandika kwamba kimetoka Palermo. Mwaka huohuo akachapa majadiliano ya matusi ya Pietro Aretino, na mahali akaandika “Bengodi”. Usiitafute kwenye ramani. Ni nchi ya kubuni katika hadithi za Boccaccio, yenye mlima mzima wa jibini iliyokunwa. Wolfe alikuwa anacheka waziwazi.

Umesoma Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969? Basi unaijua ratili ya nyama. Shakespeare hakuitoa hewani. Hadithi hiyo imo katika Il Pecorone, mkusanyo wa Giovanni Fiorentino uliochapwa Milan mwaka 1558. Kwenye maduka ya vitabu vya kale, hata hivyo, utakutana na Pecorone ya Milan yenye mwaka 1554, na muuzaji asiyejua atakuambia kwa furaha kwamba amepata iliyotangulia ile ya kwanza. Hiyo ya 1554 ilitengenezwa Lucca karibu na mwaka 1740. Mchapaji aliyetaka kumghushi Mmilani hata mwaka hakuupata sawa.

Decameron ya Boccaccio, ile ya Florence ya mwaka 1527 iliyochapwa na warithi wa Filippo Giunta, nayo ina pacha wa uongo. Pacha huyo alizaliwa Venice mwaka 1729 kwa gharama za Joseph Smith, aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza, tena kazi yake ni nzuri kiasi kwamba wapo wanaomkusanya kwa ajili yake mwenyewe. Mimi ni mmoja wa wanaoona hilo si kosa, mradi bei iwe ya 1729.

Na si kila tarehe ya uongo inatoka kwa mwizi. I promessi sposi ya Alessandro Manzoni, riwaya ambayo kila mwanafunzi wa Italia huipitia, ina juzuu tatu katika toleo la kwanza la Milan. Mbili zimeandikwa 1825, ya tatu 1826. Zote zilitoka mwaka 1827. Manzoni alikuwa anasahihisha bila kuchoka huku mashine zikimsubiri. Akikuambia mtu kwamba anayo “ya 1825, miaka miwili kabla ya toleo la kwanza”, mpe pole.

“Mtaalamu hadanganyiki, akishathibitisha, lala usingizi.”

UONGO. Pole tena.

Wenye kughushi na wenye kukagua wanafukuzana tangu zamani. Mchapaji mkuu wa Venice, Aldo Manuzio, alianzisha mwaka 1501 vitabu vidogo vya herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo: Virgilio kwanza, halafu Petrarca mwaka huohuo, na Dante mwaka 1502. Vikauzwa kama njugu. Wachapaji wa Lyon, Ufaransa, wakavinakili palepale bila kuweka jina wala tarehe. Mwezi Machi 1503 Aldo alichoka, akatoa tangazo la onyo kwa wanunuzi. Alieleza kwamba karatasi za Lyon zina harufu mbaya, kisha akaorodhesha kosa moja baada ya jingine ili watu wazitambue chapa za wizi. Wale jamaa wa Lyon wakaichukua orodha, wakarekebisha makosa yote, wakaendelea kuuza. Hakuna mhariri aliyewahi kuwafanyia kazi nzuri namna hiyo bila malipo.

Miaka mia tano baadaye mambo yalikuwa yaleyale, ila vifaa vilikuwa vimebadilika. Mwaka 2005 nakala ya Sidereus Nuncius ya Galileo, iliyochapwa Venice mwaka 1610, ilijitokeza New York. Kitabu kimeandikwa kwa Kilatini, lakini hakuna mkusanyaji wa vitabu vya Italia asiyekiota. Mahali pa michoro ya kawaida ya mwezi palikuwa na picha za wino zilizodaiwa kuchorwa na Galileo mwenyewe. Kundi la wataalamu Berlin, likiongozwa na mwanahistoria wa sanaa Horst Bredekamp, lilipima karatasi na wino, likatoa mwaka 2011 vitabu viwili vizito vya kuthibitisha. Dunia ikapiga makofi.

Mwanahistoria aliyekuwa akifundisha Marekani, Nick Wilding, hakupiga. Mhuri wa maktaba kwenye kitabu hicho haukulingana na mihuri halisi aliyoijua. Akaanza kuvuta uzi, na shuka lote likafumuka: kitabu kizima, toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kilikuwa kimechapwa kwa mabamba ya kisasa yaliyotengenezwa kutokana na picha. Wale wataalamu wa Berlin, kwa heshima yao, walichapisha juzuu ya tatu kueleza walivyokosea.

Aliyehusika na kughushi huko alikuwa Marino Massimo De Caro. Usishangae bado. Mwaka 2011 bwana huyo alikuwa amepewa ukurugenzi wa Maktaba ya Girolamini mjini Naples, moja ya maktaba kongwe za mji ule. Mwaka 2012 mwanahistoria wa sanaa Tommaso Montanari alipiga kelele hadharani juu ya hali aliyoikuta humo. Ikagundulika kwamba maelfu ya vitabu vilikuwa vimetolewa, na aliyekabidhiwa ufunguo ndiye aliyekuwa akivitoa. Alihukumiwa miaka saba mwaka 2013.

Kwa hiyo cheti cha mtaalamu ni ushahidi mmojawapo. Ushahidi mwingine ni historia ya nakala yenyewe: nani alikuwa nayo, imeuzwa wapi, imetajwa katika katalogi gani. Kitabu cha ajabu kisicho na wazazi kinastahili maswali mengi.

“Kuna kitabu kina sahihi ya Dante.”

UONGO, mara tatu. Hakuna mstari hata mmoja duniani unaojulikana kwa hakika kuwa umeandikwa kwa mkono wa Dante Alighieri. Hakuna barua, hakuna sahihi, hakuna hata orodha ya sokoni. Alikufa mwaka 1321. Kitabu chake, Commedia, kilichapwa mara ya kwanza Foligno tarehe 11 Aprili 1472, na Mjerumani Johann Numeister. Tena kwa kuwa tumefika hapo: neno “Divina” halikuwa kwenye jina la kitabu mpaka toleo la Giolito, Venice, 1555. Akikuonyesha mtu ukurasa wa jina wa “Divina Commedia” wa mwaka 1500, funga mkoba.

“Toleo la kwanza ndilo bora.”

NUSU KWELI. Kwa bei, mara nyingi ndiyo. Kwa maandishi, wachapaji wa Italia wanatufundisha kuwa na subira.

Torquato Tasso alikuwa amefungiwa hospitalini Sant'Anna, Ferrara, pale utenzi wake mkuu ulipochapwa Venice mwaka 1580 kwa jina Il Goffredo, bila ridhaa yake, ukiwa pungufu na wenye makosa. Hilo ndilo “la kwanza”. Utenzi kamili, Gerusalemme liberata, ulifuata mwaka 1581. Ludovico Ariosto naye alichapa Orlando furioso Ferrara mwaka 1516 ikiwa na sehemu 40, akaipiga msasa maisha yake yote, na mwaka 1532 akatoa yenye sehemu 46. Hiyo ya mwisho ndiyo dunia inayoisoma.

Manzoni ndiye aliyefika mbali kuliko wote. Baada ya 1827 aliona lugha ya riwaya yake haikuwa safi, akaiandika upya kwa Kiitaliano cha Florence. Kati ya mwaka 1840 na 1842 akaitoa kwa vipande vilivyouzwa kimoja kimoja, pamoja na michoro mingi ya Francesco Gonin. Alidhani michoro ingewashinda maharamia waliokuwa wamechapa riwaya yake kila kona ya Italia bila kumlipa senti. Hesabu ikamkataa: alichapa nyingi, zikauzwa chache, akapata hasara kubwa. Wakusanyaji wa leo wamegawanyika. Wenye pesa hutafuta ile ya 1827. Wenye akili, kwa maoni yangu, hutafuta ile ya 1840, maana ndiyo kitabu alichokitaka Manzoni mwenyewe, maneno na picha, na bado inapatikana kwa bei ya kibinadamu.

“Nakala zote za toleo moja ni sawasawa.”

UONGO kwa vitabu vya mashine za mkono. Kazi ilikuwa ikisahihishwa huku uchapaji ukiendelea, na kurasa zilizokwisha kuchapwa hazikutupwa, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali. Ariosto wa 1532 alijaa marekebisho ya namna hiyo, hivyo nakala mbili zilizolala rafu moja zinaweza kutofautiana maneno. Dante wa Florence wa mwaka 1481, wenye maelezo ya Cristoforo Landino, ulipangiwa mchoro kwa kila sehemu, kutokana na kazi ya mchoraji Botticelli. Mabamba ya shaba yakachelewa. Nakala nyingi zina michoro miwili au mitatu na nafasi tupu kwingine kote. Chache zina 19. Muuzaji akisema “imekamilika”, muulize imekamilika kwa hesabu ya nani.

“Kilichouzwa sana hakiwezi kuwa adimu.”

UONGO. Mara nyingi kilichopendwa sana ndicho kilichosomwa mpaka kikaisha. Utenzi wa Boiardo, Orlando innamorato, ulichapwa mara ya kwanza miaka ya 1482–1483, na hakuna nakala hata moja ya toleo hilo inayojulikana kubaki. Watu waliuramba wote. Pinocchio ya Carlo Collodi, iliyotoka Florence mwaka 1883 kwa Felice Paggi baada ya kuanza katika gazeti la watoto mwaka 1881, ilifikwa na hayohayo kwa kiasi kidogo. Wasomaji wake walikuwa na vidole vyenye jamu na kalamu za rangi. Nakala safi ya 1883 maana yake ni kwamba kulikuwa na mtoto mmoja mtiifu sana, au asiyependa kusoma.

“Nakala iliyopigwa namba ni adimu.”

UONGO, ukilinganisha na namba yenyewe. Kazi zote za Gabriele D'Annunzio zilichapwa kwa fahari kuanzia mwaka 1927, katika juzuu 49, chini ya usimamizi wa Hans Mardersteig. Seti 209 zilikuwa za karatasi ya Kijapani. Hizo zina haki ya kuringa. Nyingine 2,501 zilikuwa za karatasi ya kawaida ya mkono, nazo zina namba pia. Namba 1,874 kati ya 2,501 ni namba tu.

“Kitabu kilichoandikwa pembeni kimeharibika.”

INATEGEMEA nani kaandika. Tasso alikuwa na tabia ya kujaza maoni pembezoni mwa vitabu alivyosoma, na vingi kati ya hivyo vimetunzwa Maktaba ya Vatikani. Hakuna anayelalamika kwamba vimechafuliwa. Hata wino mweusi wa mkaguzi wa Kanisa, uliofuta aya nzima za Boccaccio, ni historia. Kalamu ya bluu ya mwanafunzi wa mwaka 1978, hiyo ni uharibifu.

“Shika kitabu cha kale kwa glovu nyeupe.”

UONGO wa televisheni. Glovu ya pamba huondoa hisia za vidole, hunasa kwenye ncha ya karatasi na kuichana. Maktaba kubwa hukutaka unawe mikono, uikaushe vizuri, basi. Glovu ni za picha na vitu vya chuma.

“Kadiri kitabu kilivyo cha kale, ndivyo kinavyovunjika.”

UONGO, na watu hushtuka wakionyeshwa. Karatasi za Italia za karne ya 15 zilitengenezwa kwa vitambaa chakavu vya kitani na katani, zikapakwa gundi ya wanyama kwa ufundi uliokuzwa Fabriano, mji uleule uliotupatia alama za maji ndani ya karatasi katika karne ya 13. Pindua ukurasa wa Dante wa 1481 usikie unavyolia: ni imara, ni mweupe. Katikati ya karne ya 19 viwanda vikahamia kwenye miti, na dawa zilizotiwa humo zikaacha asidi. Asidi hula karatasi taratibu kutoka ndani. Ndiyo maana riwaya ya Turin ya miaka ya 1940 inakatika kama papadi, na babu yake wa miaka 500 anakuangalia bila wasiwasi. Anayekusanya karne ya 20 ana kazi ngumu ya utunzaji kuliko anayekusanya ya 16.

“Maji ni adui kuliko moto, na ngozi ya zamani haina mfano.”

KWELI. Wazee wa vitabu walilisema hili muda mrefu, na tarehe 4 Novemba 1966 likathibitishwa kwa uchungu. Mto Arno ulifurika Florence, ukaingia Maktaba Kuu ya Taifa iliyo kando yake, na vitabu na magazeti yapatayo milioni moja yakazama kwenye maji, matope na mafuta ya kupashia nyumba joto. Vijana kutoka nchi nyingi walipanga mstari, wakayatoa moja moja kwa mikono. Waitaliano wakawaita malaika wa matope.

Wakati wa kurekebisha ndipo somo lilipojitokeza. Majalada ya fahari, yenye ubao na gundi nyingi, yalivimba na kupasuka, yakaburuta kurasa. Vitabu vilivyofungwa kwa ngozi nyembamba laini ya ndama, bila ubao na karibu bila gundi, jalada ambalo zamani lilikuwa la bei ya chini, vilistahimili vizuri kuliko vyote. Mtaalamu wa kurekebisha vitabu Christopher Clarkson aliona hilo kwa macho yake, akalifanyia utafiti, na leo jalada hilo linatumika tena kwa makusudi kulinda vitabu. Mkusanyaji anayeng'oa ngozi hiyo ya asili ili aweke jalada jekundu lenye dhahabu amepunguza bei ya kitabu na umri wake kwa pamoja.

Mafuriko hayohayo yaliongeza uadimu wa kitabu kingine. Primo Levi alipotoka Auschwitz aliandika Se questo è un uomo, wachapishaji wa Einaudi wakamkataa, na mwaka 1947 nyumba ndogo ya De Silva, Turin, ikatoa nakala 2,500. Nakala zipatazo 600 zisizouzwa zilihifadhiwa ghala moja Florence. Zilizama zote mwaka 1966. Einaudi walikuwa wameshabadili mawazo, wakakitoa mwaka 1958.

“Bei ya mnadani ndiyo thamani yenyewe.”

UONGO. Tarehe 17 Juni 1812, mjini London, iliuzwa Decameron iliyochapwa Venice mwaka 1471 na Christoph Valdarfer, nakala pekee kamili iliyojulikana. Mabwana wawili wakakabana: Earl Spencer na Marquess wa Blandford. Nyundo ilipogonga, Blandford alikuwa amefika pauni 2,260, bei ambayo kitabu kilichochapwa hakikuwa kimewahi kufika. Miaka saba baadaye madeni yakambana Blandford, maktaba yake ikauzwa. Kitabu kilekile, kurasa zilezile, kilipata pauni 918 na shilingi 15. Kikaishia mikononi mwa nani? Spencer. Leo kiko Maktaba ya John Rylands, Manchester. Mwaka 1812 ulipimwa ukaidi wa wanaume wawili. Ukitaka kujua bei, tazama minada mingi.

“Hii ni kazi ya matajiri.”

UONGO kwa sehemu kubwa. Umberto Eco alikusanya vitabu vya kale takriban 1,200, lakini kwa shabaha moja: vitabu vinavyosema mambo yasiyo kweli, vya uchawi, lugha za kubuni na sayansi potofu. Alimtaka Ptolemaio, aliyekosea kuhusu jua, akamwachia mwingine Galileo. Kuwa na shabaha kunaokoa pesa. Viko pia vitabu vya karne ya 20 visivyotisha kwa bei: mfululizo wa I gettoni, vitabu 58 vilivyosimamiwa na Elio Vittorini kwa Einaudi kuanzia mwaka 1951, au vijitabu vya kijivu vya BUR vilivyoanza mwaka 1949 kwa Manzoni huyohuyo. Usitupe ule utepe wa karatasi wa matangazo unaozungushwa kwenye jalada. Waitaliano huuita fascetta, na kitabu chenye utepe wake huuzwa ghali kuliko ndugu yake aliye uchi.

“Nikishakilipia ni changu, nakipeleka nitakako.”

UONGO, na huu unaweza kukufikisha mahakamani. Sheria ya Italia hukilinda kitabu kama inavyoilinda sanamu. Kitabu kilichozidi miaka 70, ambacho mwandishi wake amefariki, hakitoki nchini kimyakimya. Chenye thamani chini ya yuro 13,500 kina njia nyepesi ya kujaza tamko, lakini hati za mkono na vitabu vilivyochapwa kabla ya mwaka 1501 havina msamaha huo, na serikali inaweza kukizuia kabisa kile inachokiona ni urithi wa taifa. Mali ya maktaba ya umma haiuziki hata kidogo, iwe imepita mikono mingapi na miaka mingapi. Ukiona mhuri uliokwanguliwa, au kipande cha karatasi kilichobandikwa penye mhuri, tafuta kwanza katika orodha ya vitu vilivyoibwa ya kikosi cha Carabinieri cha urithi wa utamaduni, kilichoundwa mwaka 1969. Orodha hiyo iko wazi kwa umma. Kisha mwombe muuzaji hati ya kutolea kitabu nchini kabla hujahesabu noti, na akianza kukusimulia habari za shangazi yake, aga kwa adabu.